Msimamizi wa Mirathi Si Mwenye Mali: Fahamu Wajibu wa Anayewagawia Ndugu Zake Urithi

Matanga yakiisha na wageni wakirudi makwao, familia nyingi hufanya kikao kimoja cha mwisho kabla ya kutawanyika. Hapo ndipo husemwa, "Kaka mkubwa atashughulikia mambo ya shamba." Wote huitikia. Mmoja hurudi mjini kazini, mwingine hurudi kwake alikoolewa, na mambo hunyamaza. Miaka kadhaa baadaye ndugu wale wale hukutana tena, safari hii katika afisi ya chifu au mahakamani. Mmoja anauliza kodi ya nyumba za baba ilikwenda wapi. Mwingine anaonyesha hatimiliki yenye jina lake.

Mara nyingi chanzo cha mzozo ni kwamba hakuna aliyeelewa vyema, msimamizi mwenyewe akiwemo, alikuwa amepewa kazi gani. Makala haya yanaeleza kazi hiyo kwa mujibu wa Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika nchini tarehe 1 Julai 1981. Ukikumbuka jambo moja tu kutoka hapa, liwe hili: hati ya mahakama inayokupa usimamizi haikupi mali. Inakukabidhi amana, na kila amana ina siku ya kuitolea hesabu.

WASII NA MSIMAMIZI

Aliyeacha wosia kwa kawaida huwa amemtaja ndani yake mtu wa kuutekeleza. Huyo huitwa wasii, naye huomba mahakama iuthibitishe wosia. Marehemu asipoacha wosia, mahakama huteua msimamizi wa mirathi. Mume au mke aliyebaki hupewa nafasi ya kwanza, kisha watoto na warithi wengine. Kuwa kifungua mimba, au kuwa mwana wa kiume, hakumpi mtu haki ya usimamizi kuliko ndugu zake.

Mahakama haiwezi kuteua zaidi ya watu wanne kwa mali ile ile. Iwapo hakuna wosia na miongoni mwa warithi yumo mtoto aliye chini ya miaka 18, sheria inataka wasimamizi wawili au zaidi, kwa kuwa fungu la mtoto huyo litashikwa kwa niaba yake mpaka awe mtu mzima.

Wajibu wa wasii na wa msimamizi karibu ni mmoja. Tofauti kuu ni kwamba wasii hugawa kwa kufuata wosia, naye msimamizi hugawa kwa kufuata mafungu yaliyowekwa na sheria. Kumbuka pia kwamba hulazimishwi kukubali. Ukiona kazi itakushinda, unaweza kuikataa mapema ili apatikane mwingine, kuliko kuishika na kuiacha ilale.

KABLA YA HATI, MALI HAIGUSWI

Kifungu cha 45 cha sheria hii kinamkataza mtu yeyote kuchukua, kuuza au kuchezea mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Anayefanya hivyo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au kupewa adhabu zote mbili. Isitoshe, atatakiwa kuwajibika kwa alichokichukua.

Maana yake ni kwamba kumuuzia jirani nusu ekari ili kulipia mazishi, au kuanza kuwatoza wapangaji wa marehemu kodi na kuitia mfukoni, ni makosa hata kama wewe ni mtoto wake wa kuzaliwa. Ikiwa kuna jambo la dharura, kwa mfano mazao yanayooza shambani au kodi isiyo na wa kuipokea, mahakama inaweza kutoa hati ya muda ya kukusanya na kulinda mali. Hati hiyo haimruhusu mtu kugawa chochote.

Onyo hili linawahusu pia wanunuzi. Usinunue shamba ambalo jina la marehemu bado liko kwenye hatimiliki kwa sababu tu "wana wote wamekubali". Hata msimamizi aliyeteuliwa na mahakama hana ruhusa ya kuuza ardhi au nyumba kabla ya hati yake kuthibitishwa.

SAFARI YA MAHAKAMANI

Familia huanza kwa kupata cheti cha kifo na barua ya chifu inayowatambulisha warithi. Chifu hagawi mali. Kazi ya barua yake ni kueleza nani ni nani katika familia hiyo, kwa hivyo ni lazima kila mtoto atajwe: aliyeolewa, anayeishi ng'ambo, aliyekosana na wenzake, na yule wa nje ya ndoa ambaye marehemu alimkubali kuwa wake. Ndugu aliyefariki mapema akaacha watoto naye asisahaulike, kwa kuwa watoto hao huchukua fungu la mzazi wao.

Ombi hupelekwa mahakamani. Mahakama za mahakimu husikiza mirathi kulingana na thamani ya mali, na hakimu mkuu anaweza kushughulikia mali isiyozidi shilingi milioni 20. Inayozidi hapo huenda Mahakama Kuu. Ndugu wenye haki sawa ya kuomba usimamizi hutia saini fomu ya kukubali kwamba fulani aombe. Tangazo huwekwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30 kulileta.

Ikiwa umetumiwa fomu utie saini, isome kwanza. Kukubali ndugu yako awe msimamizi si kukubali kwamba fungu lako limekuwa lake.

Kwa Waislamu, mgao wa mali hufuata sheria ya Kiislamu, na Mahakama ya Kadhi ina mamlaka ya kusikiza mirathi yao pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele yake. Mafungu huko hukokotolewa kwa namna nyingine. Hata hivyo, anayeshika mali ya marehemu bado anaishika kwa niaba ya wenzake.

KAZI YA MSIMAMIZI NI IPI?

Kifungu cha 83 kinaorodhesha wajibu wa msimamizi na wasii. Kwa lugha nyepesi, ni haya:

1. Kulipia kutoka kwa mali ya marehemu gharama za mazishi ya kiasi. Neno "kiasi" lina uzito. Mbwembwe zisizolingana na mali iliyoachwa hazifai kuwaondolea warithi urithi wao.

2. Kukusanya mali yote ya marehemu, yakiwemo madeni aliyokuwa akidai watu.

3. Kulipa gharama za kupata hati na gharama nyingine za lazima za usimamizi.

4. Kutafuta na kulipa madeni ya marehemu. Madeni hulipwa kabla ya mrithi yeyote kupata fungu lake.

5. Katika muda wa miezi sita tangu hati itolewe, kuwasilisha mahakamani orodha kamili na ya kweli ya mali na madeni, pamoja na hesabu ya kila kilichofanyika kufikia hapo.

6. Kuwagawia wenye haki kilichobaki, au kukishika kwa niaba ya walio watoto.

7. Katika muda wa miezi sita tangu hati ithibitishwe, au muda zaidi ambao mahakama itaruhusu, kumaliza ugawaji na kuwasilisha hesabu ya mwisho.

Si mali yote inayoingia katika orodha hii. Ardhi iliyoandikishwa kwa umiliki wa pamoja ambapo anayebaki huchukua yote huenda kwake moja kwa moja. Vivyo hivyo, akiba ya chama cha ushirika ambayo mwanachama alimwandikia mtu ajaye kulipwa, na malipo ya pensheni, yana utaratibu wake. Msimamizi aulize katika kila taasisi badala ya kukisia.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano wa familia ya kubuni tuone daftari hilo linavyofanya kazi.

Baba amefariki bila wosia, na mama alimtangulia. Wameacha watoto wanne: kaka mkubwa anayeishi nyumbani, dada aliyeolewa kaunti jirani, kaka anayefanya kazi Nairobi na kitinda mimba mwenye miaka 16. Baba ameacha shamba la ekari 7, vyumba vinne vya kupangisha sokoni, na deni la hospitali la shilingi 60,000. Kwa sababu ya kitinda mimba, mahakama imewateua wasimamizi wawili, kaka mkubwa na dada.

Vyumba vinne vinaleta shilingi 3,000 kila kimoja kwa mwezi, yaani shilingi 12,000. Kwa miezi 12 tangu hati itolewe, zimeingia shilingi 144,000. Wasimamizi wamelipa deni la hospitali, wakamaliza salio la mazishi la shilingi 20,000, na kugharimia shughuli za mahakama na nauli kwa shilingi 24,000. Jumla ya matumizi ni shilingi 104,000. Kimebaki shilingi 40,000, na fungu la kila mmoja ni shilingi 10,000. Fungu la kitinda mimba linawekwa benki mpaka afikishe miaka 18.

Shilingi 10,000 si pesa za kujengea nyumba. Lakini fikiria ndugu wa Nairobi ambaye kila mwezi alikuwa akipiga hesabu ya shilingi 12,000 kichwani. Asipoonyeshwa risiti ya hospitali, atasema kaka amekula shilingi 144,000. Kaka naye, ambaye labda aliacha vibarua vyake siku nyingi ili ahudhurie mahakama, ataona ametukanwa na watu aliowatumikia. Karatasi moja yenye mapato upande mmoja na matumizi upande wa pili, ikiwa na risiti zake, ingetosha kuwanusuru wote wawili.

Kwa hivyo msimamizi afungue akaunti ya mirathi iliyo mbali na yake. Kodi ilipwe huko. Kila risiti ihifadhiwe. Na kila baada ya miezi mitatu awatumie ndugu zake nakala ya hesabu, bila kungoja kudaiwa.

MAFUNGU NI SAWA, NA ALICHOTANGULIZIWA MTU HUHESABIWA

Pale ambapo hakuna wosia wala mjane, sheria inagawa mali kwa watoto kwa usawa. Haitenganishi mwana na binti, wala binti aliyeolewa na asiyeolewa. Mwaka wa 2005 Mahakama ya Rufaa mjini Eldoret ilibatilisha mgao uliokuwa umewapa mabinti wa familia moja ardhi ndogo kuliko kaka zao. Katiba ya 2010 nayo inapinga ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi.

Hata hivyo, usawa unazingatia pia kile ambacho mzazi alimpa mtoto akiwa hai. Rudi kwa familia yetu. Tuseme kabla ya kufariki baba alikuwa amemkatia kaka mkubwa ekari 1 na kumwandikia kwa jina lake. Ekari hiyo hujumlishwa na zile 7, zikawa 8. Fungu la kila mtoto ni ekari 2. Kaka mkubwa, ambaye tayari ana 1, anaongezwa 1. Wengine watatu wanapata 2 kila mmoja, na zile 7 zimekwisha. Huo ndio usawa, wala kaka hajanyang'anywa kitu.

Vyumba vya sokoni havikatiki vipande vinne. Ndugu wanaweza kukubaliana vibaki mali ya pamoja, viuzwe baada ya hati kuthibitishwa, au mmoja awalipe wenzake thamani ya mafungu yao. Anayetaka kununua akiwa yeye mwenyewe ni msimamizi, awe mwangalifu mno. Sheria inamruhusu mrithi mwenzake kuomba ununuzi huo ubatilishwe. Njia salama ni kuita mthamini, kupata makubaliano ya maandishi ya wote na kuyapeleka mbele ya mahakama.

MAMA AKIWA HAI

Marehemu akiacha mke mmoja na watoto, vyombo na vitu vya nyumbani ni vya mjane moja kwa moja. Mali nyingine iliyobaki anayo haki ya kuitumia maishani mwake, kisha huenda kwa watoto kwa mafungu sawa. Vivyo hivyo kwa mume aliyefiwa na mke. Watoto hawawezi kumwondoa mama shambani ili wagawane, na mama naye hawezi kuuza ardhi hiyo bila idhini ya mahakama.

Marehemu akiwa na wake zaidi ya mmoja, mali hugawanywa kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto wa kila nyumba, na kila mjane huhesabiwa kuwa mtu mmoja zaidi katika nyumba yake. Mfano, nyumba yenye mjane na watoto watatu ni watu wanne. Yenye mjane na mtoto mmoja ni wawili. Mali hapo hugawanywa mafungu sita.

HATI MBILI ZINAZOCHANGANYWA

Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Hati ya kwanza ni ile inayomtaja msimamizi. Watu wengi huiona, hushangilia, na kudhani mambo yamekwisha. Lakini hati hiyo haisemi nani anapata nini.

Baada ya miezi sita, msimamizi anapaswa kurudi mahakamani kuomba ithibitishwe, akiwa na orodha ya warithi wote na fungu la kila mmoja. Warithi hutia saini kukubali mgao, au hufika kueleza pingamizi lao. Mahakama ikiridhika, hutoa hati ya pili, ya uthibitisho, ambayo hutaja kila mrithi, mali anayopata na kiasi chake. Hiyo ndiyo inayoruhusu kugawa. Mtegemezi aliyeachwa nje ya wosia, au aliyepewa kidogo mno, anapaswa kupeleka ombi lake kabla ya uthibitisho huu.

Wakati mwingine hatimiliki huandikwa kwanza jina la msimamizi. Jina hilo liko pale kwa niaba ya warithi. Msimamizi akifariki kabla ya kugawa, watoto wake hawairithi ardhi hiyo kana kwamba ilikuwa ya baba yao peke yake. Msimamizi mwenzake huendelea na kazi, na kama hakuwepo, mahakama huombwa kumteua mwingine.

KAUNTI INAINGIA WAPI?

Hati ikishathibitishwa, shamba bado ni moja kwenye ramani. Kuligawa kunahitaji mpima ardhi aliyesajiliwa, kibali cha kugawa ardhi kutoka kwa serikali ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, na, kwa ardhi ya kilimo, idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Idhini ya bodi haihitajiki ardhi inapoenda kwa mrithi ikiwa nzima. Huhitajika inapokatwa vipande vyenye hatimiliki tofauti. Kisha afisi ya usajili wa ardhi hutoa hatimiliki mpya.

Palipo na ada za ardhi zinazolipwa kaunti kila mwaka, malimbikizo ni deni la mirathi kama madeni mengine. Msimamizi aulize mapema katika idara ya ardhi ya kaunti kiasi kinachodaiwa, ili asije kukwamia kwenye cheti cha kuthibitisha kwamba hakuna deni.

MSIMAMIZI AKIKIUKA

Msimamizi akiharibu mali au kuitumia visivyo, anaweza kuamriwa kufidia hasara hiyo kutoka mfukoni mwake. Akifanya hivyo kwa makusudi, au akikataa kutoa orodha na hesabu, ni kosa la jinai ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Mrithi yeyote anaweza kuiomba mahakama imwamuru msimamizi kutoa hesabu. Anaweza pia kuomba hati ifutwe ikiwa ilipatikana kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo muhimu, mathalani kuwepo kwa mtoto mwingine, au ikiwa msimamizi amekaa mwaka mzima bila kuomba uthibitisho au haendelezi kazi kwa bidii.

Kabla ya kufika huko, jaribuni kuzungumza. Katiba inahimiza upatanisho, na mahakama zina utaratibu wa kuwapeleka wahusika kwa mpatanishi. Makubaliano yoyote yaandikwe, yatiwe saini na wote, na yapelekwe mahakamani. Yale ya mdomo tu husahaulika mzee shahidi akiondoka.

UNAPOWEZA KUPATA MSAADA

Anzia kwa chifu wako upate barua, kisha uende kwenye masjala ya mahakama iliyo karibu uulize fomu zinazohitajika na ada zake. Asiye na uwezo wa kulipa wakili anaweza kuomba msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka wa 2016. Familia isiyo na mtu wa kusimamia inaweza kumwendea Mdhamini wa Umma katika Afisi ya Mwanasheria Mkuu. Maswali ya kugawa ardhi na ada zake yapeleke katika idara ya ardhi na mipango ya kaunti. Kila unapolipa, dai risiti rasmi.

Na kama wewe ndiye uliyekabidhiwa mirathi ya wazazi wako, angalia leo tarehe iliyo kwenye hati yako. Ikiwa miezi sita imepita na hujawasilisha orodha wala kuwaonyesha ndugu zako hesabu, waite na uanze sasa, wakati risiti bado zipo na wote bado wanasalimiana.